Talaka Mbele ya Kamera

Sehemu ya Sita

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, usisumbuke kutafuta magazeti ya nyuma, yameshafungiwa bajia. Mambo yenyewe ni haya. Mimi ni Maisara, mshonaji wa mabuibui hapa Ndia Kuu. Mume wangu ni Kombe, karani wa yadi ya makontena kule Shimanzi. Twakaa orofani kwa mamake, Bi Mejumaa, ambaye mbele yake namwita mama na nyuma yake mavyaa.

Kombe na mimi tumeachana mara mbili na kurejeana mara mbili. Ya kwanza ililetwa na ulimi wangu. Ya pili, ulimi wangu tena. Kwa hivyo imebaki talaka moja tu kati yetu, na hiyo ikianguka hakuna tena kurejeana, mpaka niolewe na mwanamume mwingine na ndoa hiyo ivunjike yenyewe. Shikeni hapo, msije mkasema sikuwaambia.

Basi akatujia mwelekezi wa filamu kutoka Nairobi, jina lake Oliver, ati anaigeuza sinema riwaya ya Pazia la Ruzuna, kitabu ambacho kila aliyepita sekondari pwani hii alikifanyia mtihani. Akaipenda nyumba yetu. Akampenda Kombe, akamfanya Mahazi, mume wa Ruzuna. Yule mwigizaji aliyeletwa awe Ruzuna alipopata tangazo la sabuni akaenda zake, na mimi nikavikwa nguo zake.

Wiki jana niliwaachia hapo, nimekaa kwenye kiti cha mavyaa wangu, nimepakwa hina mpaka viwikoni, nangoja kuachwa.

"Oliver," nikamwambia, "mke anayeachwa hapakwi hina."

"Inatokea vizuri kwa kamera."

"Na hizi taa za mafuta? Nyumba hii ina stima tangu babake Kombe hajaoa."

"Maisara, hii ni sanaa," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu.

Sanaa gani jamani. Alikuwa amemvika Kombe kanzu na jambia kiunoni, mtu yuko ndani kwake anakunywa chai. Mwanamke wa jikoni amemfunga buibui akaange samaki nalo. Ruzuna wa kitabuni ni jimama linalocheka mpaka jirani wagonge ukuta, halii hata tone. Ruzuna wa Oliver analia akiamka, analia akila, analia akipiga pasi. Ningekuwa na machozi mengi hivyo ningeyauza kwa mikokoteni, maana maji mji huu ni ya kubahatisha.

Lakini balaa kubwa lilikuwa hiyo sura ya talaka.

Waliosoma kitabu wanaikumbuka. Mahazi anaingia chumbani na kaka yake Ruzuna, mlango unafungwa. Ruzuna amebaki nje. Anasikia sauti, maneno hayasikii. Sura inaishia hapo, na sura inayofuata inaanza na Ruzuna akikunja leso zake. Mtunzi alizaliwa mitaa hii hii. Kurasa zote zile, tamko la talaka hakuliandika hata mara moja, na hakuna msomaji aliyekosa kuelewa.

Oliver hakuitaka sura hiyo.

"Nani atalipa pesa zake kuona mlango umefungwa?" akasema. "Watu wanataka kuona mume akimwambia. Uso kwa uso."

Mavyaa wangu alikuwa ameketi pembeni, amepewa kuwa jirani, kazi yake ni kukaa kimya na kushika tasbihi, kazi ambayo aliifanya vibaya.

"Uso kwa uso amwambie nini?" akauliza.

"Kwamba amemuacha, mama."

"Hao ni mume na mke kweli, wajua?"

"Najua. Ndiyo maana itakuwa na nguvu."

"Maneno hayo hayachezewi, mwanangu."

"Mama, ni kuigiza tu."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho mavyaa akakubali kwa sharti moja, kwamba Kombe ataje jina la Ruzuna, jina langu lisipite kinywani mwake. Oliver akakubali upesi. Mtu akikubali sharti lako upesi namna hiyo, ujue hakulisikiliza.

Mimi nilikuwa nacheka. Niliona ni ushamba wa wazee. Kombe yeye hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi zake anasogeza midomo, jasho linamtoka. Tangu tuoane mtu huyu anataka kuwa mwigizaji. Akinyoa huzungumza na kioo. Nami tangu tuoane namcheka, maana ukimwona karani wa makontena akijitazama kwenye kioo na kusema "Nitarudi kulipiza kisasi" na povu masikioni, utafanyaje?

Wakaanza.

"Ruzuna, nimekuacha," akasema Kombe.

"Kata," akasema Oliver. "Kombe, hapo umekuwa kama mtu anasoma risiti. Tena."

"Ruzuna. Nimekuacha."

"Kata."

Kusema kweli alikuwa mbovu. Alisimama kama anangoja kutiwa muhuri. Vijana wa taa wakaanza kutazama simu zao, na mimi nilimwonea haya, na haya yangu siku zote hutoka kwa mlango mmoja.

"Kombe," nikasema, mbele ya wote, "hata kuacha mke hujui? Na umekwisha fanya mazoezi mara mbili."

Chumba kizima kikacheka. Oliver akacheka. Hata yule mwanamke aliyenipaka hina akacheka, na yeye hata hakuelewa.

Kombe akaziweka chini karatasi zake. Oliver akamwendea, akamshika bega, akamnong'oneza. Baadaye aliniambia mwenyewe alichomwambia, tena kwa majivuno. Alimwambia, sahau Ruzuna, mtazame mkeo, toa kile ulichokiweka moyoni miaka yote.

Kamera ikaanza kwa mara ya tatu.

Kombe akanitazama. Akalitoa lile jambia la kipumbavu kiunoni, akaliweka mezani polepole.

"Maisara," akasema.

Nikadhani ananiita, ameghairi, anataka maji.

"Maisara, nimechoka. Nimechoka kuchekwa ndani ya nyumba yangu. Nimekuacha. Nenda kwenu."

Akageuka akatoka.

Hakuna aliyesogea. Oliver akasema "kata" kwa sauti ya msikitini, kisha wakaanza kupiga makofi, vijana wa taa, mwanamke wa hina, wote. Na mimi nilipiga makofi. Nawaapia, nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza mume wangu alikuwa ameigiza nikamwamini.

Kombe akarudi mlangoni, macho mekundu.

"Umeonaje?" akaniuliza.

"Leo ndiyo umeigiza," nikamwambia.

Mavyaa wangu akainuka pale pembeni. Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi.

"Nani ameigiza?" akauliza.

Oliver akamkimbilia. "Mama usijali, jina tutalifunika. Tutaweka Ruzuna juu yake, sauti tu. Hakuna mtu atajua."

"Mungu utamwekea sauti gani?" akasema mavyaa wangu, na akatoka kwenda kutawadha.

Jioni ile ile akatuita. Sisi tulikuwa bado twalicheka jambo hilo, au tuseme mimi nilikuwa nacheka na Kombe alikuwa yupo.

"Kombe, wewe utalala kwa nduguyo Majengo mpaka tukamwone Maalim Tsofa."

"Mama, lakini ni sinema," nikasema.

"Maisara, wewe na huyu mna ngapi zilizobaki?"

"Moja."

"Basi nyamaza."

Kombe akachukua mto wake na kikoi chake, akashuka ngazi bila kubisha neno. Nilimcheka nikiwa dirishani, nikamwambia asisahau kumwomba nduguye chandarua. Hakugeuka. Nikadhani hakusikia.

Maalim Tsofa, sheikh wa mtaa wetu anayeamua mambo ya ndoa na talaka, alikuwa amesafiri Kwale kwenye mazishi. Tukangoja. Na tulipokuwa tukingoja, Oliver akafanya alichozaliwa kukifanya, yaani upuuzi.

Alitoa kionjo. Kile kipande kifupi cha filamu wanachokitupa kwenye simu za watu ili wawashwe. Katika sinema nzima, yenye ndege ya jeshi ambayo kitabuni haimo na watu wanaofukuzana kwa pikipiki ambao kitabuni hawamo, kipande alichokiona kinafaa kuonjwa ni mume wangu akiniacha. Tena hakufunika jina. Ati fundi wa sauti alikuwa bado hajafika kazini.

Mimi niliambiwa na mteja. Alikuja dukani mbio, hata salamu hakumaliza.

"Maisara dadangu, lile buibui langu, nipe hivyo hivyo lilivyo."

"Halijatiwa pindo."

"Nitatia mwenyewe. Nataka kabla hujaingia ndani kukaa eda."

Akaninyoshea simu. Nikamwona Kombe, mkubwa, mzuri, mwenye macho mekundu, anasema Maisara. Chini yake watu wameandika. Wanaume wameandika kwamba huyo ndiye mwanamume. Wanawake wameandika kwamba mwanamke yule anaonekana tu ana mdomo. Hawajanisikia hata nikisema neno moja, na wameshaujua mdomo wangu.

Mchana shangazi yangu akanipigia kutoka Kisauni.

"Mwanangu, pole. Eda waikalia wapi?"

"Shangazi, ni sinema."

"Sinema? Nimemsikia kwa masikio yangu akikutaja."

"Ni sinema ya Ruzuna."

"Ruzuna hakuachwa hivyo," akasema shangazi, aliyeacha shule darasa la saba. "Ruzuna alikuwa nje ya mlango."

Nikavaa buibui langu nikaenda moja kwa moja kwa Oliver. Nilimkuta kwenye hoteli yake pale Mwembe Tayari, anakula viazi karai huku akiitazama kazi yake kwenye kompyuta, anatikisa kichwa kwa kujipenda.

"Kitoe," nikamwambia.

"Maisara, kimependwa. Nairobi yote inaongea juu yako."

"Mji wangu unaniuliza eda naikalia wapi. Kitoe."

"Siwezi. Wafadhili wamekiona. Wanasema hawajawahi kuona uhalisi kama ule."

"Ule si uhalisi, Oliver. Ule unaweza kuwa ni mwisho wa ndoa yangu. Maalim amerudi, na kesho twaenda kwake atuambie kama mimi ni mke wa mtu au la."

Akaacha kutafuna. Nikaona macho yake yamebadilika, na mimi, mjinga mwingine, nikadhani ni huruma.

"Kesho saa ngapi?" akasema. "Naweza kuja na kamera?"

Nilichukua bakuli lake la ukwaju nikammiminia kwenye shati. Sijuti. Nasikitikia ukwaju.

Kesho yake, baada ya laasiri, tulikuwa kwa Maalim Tsofa, kwenye kile chumba cha chini anachosomeshea watoto. Kombe alikuja kutoka kazini, na vumbi la Shimanzi kwenye viatu. Aliniamkia vizuri. Alimbusu mamake mkono. Niliona amenyoa, na nikaona shati lake limepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi, nikajiuliza ni mke wa nduguye au ni yeye mwenyewe. Kwangu hajawahi kugusa pasi.

"Hamjambo wanangu," akasema Maalim. "Haya, nielezeni."

Mavyaa akaeleza. Hakuongeza, hakupunguza, isipokuwa Oliver alimwita "yule maluuni", na Maalim akaacha lipite. Kisha akaomba kukiona. Nikampa simu. Akavaa miwani akatazama mpaka mwisho, akarudia.

"Jambia la nini ndani ya nyumba?" akauliza.

"Ni sanaa, Maalim," nikasema.

"Ah." Akanirudishia simu. "Hebu sikilizeni. Mara mbili za mwanzo alizotaja Ruzuna, huyo ni mtu anasimulia habari za watu wa kitabuni. Hizo hazinipi tabu. Tabu yangu ni hii ya tatu. Wako wanavyuoni wanaosema talaka haina mzaha, ukiitamka imetamkika. Wako wanaosema mwenye kuiga maneno ya mwingine hana talaka, madhali hakuikusudia. Mimi naweza kuwaambia nafuata upande upi. Lakini maneno haya, Kombe, ulikuwa ukiyaiga kutoka wapi?"

Kombe akatazama viatu vyake.

"Yalikuwa kwenye karatasi ulizopewa?"

"La, Maalim."

"Kuhusu kuchekwa ndani ya nyumba yako?"

"La."

"Uliambiwa na yule mwelekezi uyaseme?"

"Aliniambia niseme kilicho moyoni."

Hapo nikaingilia. Sikuweza kukaa.

"Maalim, huyu alikuwa akitafuta njia ya kuigiza. Mara mbili alishindwa, mimi nikamtania kidogo, akapata moto. Ni hayo tu. Kombe mwenyewe atakwambia. Yeye si mtu wa kuweka mambo. Ningejua."

Kombe akanitazama. Siyo kwa hasira. Hasira ningeijua, ninayo dawa yake, namfanya acheke kabla chakula hakijapoa. Alinitazama vile mtu anavyomtazama abiria mwenzake anayesinzia, anafikiri amwamshe au amwache.

Nikataka kumwambia kitu, hata sijui nini, kwamba povu la masikioni lilinipendeza, kwamba nilipiga makofi kwa kweli. Nampenda mtu huyu. Sijawahi kumwambia bila kuweka kicheko mbele yake, na pale mbele ya Maalim kicheko hakikuja, na neno bila kicheko sikulijua linavyoanza.

"Nakuuliza mara moja tu," Maalim akasema, "na ujibu kama unayejibu mbele ya Mola wako. Ulipolitaja jina la mkeo, ulinuia nini?"

Nilingoja aseme ni sinema. Neno moja. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba wangu ili tukitoka tupitie samaki.

Kombe akafuta vumbi la kiatu kwa kidole.

"Maalim," akasema, "hilo naomba nikujibu Maisara akiwa nje."

Hakuna aliyenisukuma. Mavyaa wangu alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake niliona ananihurumia, nikajua afadhali ningetukanwa. Nikainuka. Nikavaa viatu vyangu kizingitini, cha kushoto kikakataa kuingia, nikatoka nacho mkononi.

Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nikasimama kibarazani. Kijana mmoja aliyepita na mkokoteni akanitambua, akaanza kucheka, kisha akauona uso wangu akaenda zake. Ndani nilisikia sauti ya Kombe. Haikutetemeka. Ilikuwa ndefu na tulivu, sauti ya mtu ambaye hatimaye anasikilizwa. Niliweka sikio kwenye mbao. Maneno sikuyasikia.

Oliver alisema hakuna atakayelipa kuona mlango umefungwa.

Kombe akanyamaza. Maalim akauliza kitu kifupi, akajibiwa kitu kifupi zaidi. Kisha mavyaa wangu, ambaye sikumwona akitoa chozi hata siku ya kumzika mumewe, akaanza kulia.